Lori la Buluu kwa Karatasi ya Manila

Kaka yangu alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Mimi nilikuwa mpiga chapa katika duka la steshenari kwenye barabara iendayo mpakani, Tunduma. Alinizidi miaka tisa. Baba alipofariki nilikuwa darasa la tano, na yeye ndiye aliyeondoka nyumbani Ndalambo kwenda kuwa utingo ili mimi nibaki shuleni. Hakuwahi kunikumbusha jambo hilo, hata tulipogombana. Nalisema mapema kwa sababu mtu anaweza kujiuliza mwanaume mzima kama mimi alikuwa anatafuta nini alipokaa miaka mingi akikata na kubandika karatasi.

Dukani tulikuwa wawili, mimi na mwenye duka, mama mmoja mjane wa Vwawa aliyezungumza kwa sauti ya chini hata alipokasirika. Tulikuwa na mashine ya kutoa kopi, kompyuta mbili, na printa ya wino iliyofunikwa kitambaa kama mtoto mchanga, kwa ajili ya vumbi la barabara. Wateja wetu walikuwa mawakala wa forodha na wafanyabiashara wa upande wa pili, ambao walichanganya Kibemba, Kiingereza na Kiswahili katika sentensi moja na tukaelewana. Mtandao ulipofika, kwa waya wa simu, ulikuwa wa taratibu mno. Ukifungua ukurasa unakwenda kununua vitumbua, ukirudi picha imefika nusu.

Asubuhi moja isiyo na wateja nilikutana na ukurasa wa mtu fulani, sijui wa nchi gani, aliyekuwa akigawa bure michoro ya magari na ndege za karatasi. Unachapa, unakata, unakunja, unabandika. Kando ya kila kipande aliacha vijisehemu vidogo vya kupaka gundi, ambavyo mimi niliviita masikio. Nilianza na ndege. Niliichapa kwenye karatasi ya kawaida ya kupigia chapa, mabawa yakalegea siku hiyohiyo. Nikairudia kwa karatasi ya manila, ikasimama. Nikaiweka juu ya kompyuta, na mawakala wakawa wanaigeuzageuza huku wakisubiri fomu zao.

Kaka alikuwa anapita mara moja kwa mwezi, akitoka bandarini Dar es Salaam kwenda Kongo. Foleni ya mpaka ndiyo iliyotupa muda wa kuonana. Ikiwa fupi, alikaa siku moja. Ikiwa ndefu, wiki nzima, na wenzake wakilalamika mimi nilishukuru kimoyomoyo. Mchana nilimpelekea ugali na maharage, tukala tumekaa kwenye kivuli cha tela. Mama alikuwa na desturi ya kutuma karanga za kukaanga kwa gari la Ndalambo, mfuko wa kaka na mfuko wangu, na wa kaka ulikuwa mkubwa siku zote. Alikuwa hajaoa, na mama alilalamika kuhusu hilo kila nilipokwenda nyumbani, kana kwamba mimi ndiye niliyemzuia.

Siku aliyoiona ile ndege aliinua bawa lake kwa kidole kimoja, akacheka. Akasema hapa mjini hakuna mtu anayesubiri ndege.

“Nitengenezee hili la kwangu,” akasema.

Nilidhani ni utani. Kesho yake akauliza nimefikia wapi.

Katika ile michoro lilikuwamo lori moja, la Ulaya, la njano, lenye maandishi ya kigeni ubavuni na ekseli mbili tu. La kaka lilikuwa la buluu iliyopauka, lenye mstari wa rangi ya maziwa, na tela refu la turubai. Mlango wa dereva ulikuwa na rangi ya damu ya mzee, kwa sababu mlango wake wa asili uliharibika alipogongwa karibu na Makambako, na fundi akamfungia mlango wa lori jingine lililokufa. Tajiri wake alimwambia mara kadhaa aupake rangi ufanane na mwenzake. Yeye akawa anachelewesha. Alisema katika foleni ya malori mia analitambua lake kutoka mbali akirudi kutoka chooni.

Nilianza kufuta maandishi ya kigeni, nukta kwa nukta, kwa mausi iliyokwama kila baada ya dakika tano. Kisha nikajaza rangi. Buluu niliyoiona kwenye kompyuta ilitoka kwenye printa ikiwa zambarau. Nikabadilisha, ikatoka ya kijani. Mwishowe nilichapa vipande kumi na vitatu vya buluu tofauti, nikaenda navyo kwenye foleni jua likiwa kali, nikawa navishika kimoja kimoja kwenye bodi ya lori na kuvitazama. Madereva wa Zambia waliokuwa nyuma yake walidhani nimetumwa na watu wa ushuru. Mmoja akashuka na karatasi zake zote mkononi, akaniamkia kwa heshima. Kaka alicheka mpaka akakaa chini. Kipande cha tisa ndicho kilichofanana.

Ekseli ya nyuma niliiongeza kwa kunakili magurudumu ya mbele na kuyageuza. Kwa tela niliunganisha michoro miwili, maana mmoja haukufika urefu. Pale ilipokutana palionekana mstari mweupe wa ukingo wa karatasi, nikaupitishia kalamu ya maka. Mlango wa damu ya mzee niliuchapa peke yake, nikaubandika juu ya ule wa buluu, ukawa umejitokeza kidogo, kama wenyewe.

Alilishika kwa mikono miwili. Hakusifu. Alisema taa ya kulia ina ufa na mimi nimeichora nzima. Kisha akalibandika kwenye dashibodi kwa gundi, mbele ya usukani upande wa kioo, akavuka nalo.

Kuanzia hapo ikawa kazi yetu. Kila akifika alinieleza kilichobadilika, na mimi nilirekebisha mchoro na kumchapia jingine, kwa sababu jua la Kongo lililipausha lile la zamani mpaka mstari wa maziwa ukapotea. Tajiri amenunua turubai jipya la kijivu. Kamba ya upande wa kushoto imefungwa kwa fundo jingine. Kioo cha mbele kimepigwa jiwe. Alinisimulia hayo kwanza, kabla ya kuniambia kwamba aliumwa malaria wiki nzima akiwa peke yake njiani, maana tajiri alikuwa ameshaondoa matingo kwenye malori yake. Mimi nilibaki mwezi mzima na lori lake kwenye kompyuta. Wateja wakipungua nililifungua, nikasogeza taa, nikapunguza buluu. Nadhani niliyajua makovu ya lile lori kuliko nilivyoujua uso wake. Uso wake haukubadilika, au sikuutazama.

Safari ya mwisho ilikuwa kama nyingine. Foleni ilikuwa fupi. Alibeba sabuni. Aliniambia madigadi ya mbele kushoto, ile kinga ya tope juu ya tairi, imepasuka Chalinze, kipande kimekatika, na kwamba akirudi atafunga nyeusi ya mtumba, kwa hiyo nisihangaike kuchora iliyopasuka. Nikamwambia akirudi atakuta nyeusi tayari. Alichukua mfuko wake wa karanga. Asubuhi alivuka nami nikiwa dukani natoa kopi za mtu, nikasikia honi yake, ambayo niliitambua, na sikutoka nje kwa sababu mashine ilikuwa imekwama karatasi.

Mwezi ukapita, na mwingine. Niliuliza madereva. Mmoja alimwona Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Kongo, ananunua maji. Mwingine alimpita Likasi, wakapigiana honi. Baada ya hapo hakuna aliyemwona. Nilimpigia tajiri wake simu, naye alikuwa ananitafuta. Lori lilikuwa limekutwa mbele ya Kolwezi, limeegeshwa vizuri pembeni, limefungwa breki, halina mzigo wala dereva. Hapakuwa na damu, aliniambia hivyo mara mbili. Polisi wa kule walikuwa wameandika maelezo. Amemtuma dereva mwingine kulirudisha.

Kwa hiyo nililisubiri lori. Kila siku saa ya mchana nilitembea kwenye foleni ya malori yanayorudi, na siku niliyoliona nililitambua kabla ya kuona namba, kwa mlango. Miguu ilianza kwenda mbio yenyewe. Nilijua si yeye, nilikuwa nimeambiwa si yeye, lakini nilikimbia.

Dereva alikuwa mtu wa makamo, wa Morogoro. Alishuka aliponiona nimeshika ule mlango.

“Wewe ndiye mdogo wake,” akasema. Tulifanana, watu wote walisema hivyo.

Alinipa mfuko. Ndani mlikuwa na viatu vya kaka, chupa ya chai, shati, na taulo. Alinieleza taratibu, bila kuharakisha, jinsi alivyolikuta lori, na jinsi alivyozunguka nyumba za jirani akiuliza kwa Kiswahili cha kule. Nikamwomba nipande ndani. Nilitazama dashibodi.

“Hapakuwa na lori dogo la karatasi hapa?”

Alifikiri kwanza. “Palikuwa na alama ya gundi,” akasema. “Lori lenyewe sikuliona.”

Nikaweka kidole pale. Alama ilikuwapo, mistatili midogo, mahali pa magurudumu.

Jumapili nilipanda gari la Ndalambo. Mama alikuwa uani anabangua karanga. Nilikuwa nimeshamletea habari za kwanza wiki kadhaa kabla, sasa nilileta mfuko. Alivitoa vitu kimoja kimoja, akaviweka kwenye kanga. Nilimweleza kila kitu, nikataja na lile lori la karatasi kwamba halikukutwa, nikaongeza kwamba karatasi ni karatasi, yeyote aliyeiba sabuni angeweza kulitupa. Mama hakuwa mtu wa kulia mbele ya watoto wake.

“Viatu ameacha, hilo amechukua,” akasema. “Basi alikuwa na muda wa kuchagua.”

Sikuamini, ila nilianza kulala na maneno hayo na kuamka nayo, na mpaka leo sijayakataa wala kuyakubali.

Kabla sijaondoka alinitaka nimtengenezee la kwake. Akasisitiza liwe kama lilivyokuwa siku ile anavuka. Nikarudi dukani nikafungua mchoro. Nilikuwa nimeshabadilisha ile madigadi kuwa nyeusi, tayari kama nilivyomwahidi. Nikairudisha ya buluu, kisha nikachukua wembe nikakata kipande pale ilipopasuka. Mkono wangu ulikuwa umezoea kazi hiyo, lakini niliharibu karatasi tatu. Mwenye duka alikuja akasimama nyuma yangu, akaona ninachofanya, akaondoka akaenda kuwahudumia wateja wangu pamoja na wake. Wino na manila vya duka lake hakuwahi kuniuliza.

Mama aliliweka kwenye kabati la vyombo, kati ya sahani za wageni. Mwaka ulipokwisha, baba mdogo alikuja na wazee wawili kuzungumza habari ya matanga. Walisema mtu hawezi kukaa hivihivi, haijulikani anaombewa kama hai au kama marehemu, na watu kanisani wanauliza. Walizungumza kwa Kinamwanga, kwa upole, na walikuwa na haki. Mama aliwasikiliza hadi mwisho, akawapa chakula. Kisha akasema atakapoona kitu cha kuzika atawaita. Hawakurudia tena.

Kila masika lile lori lilinyonya unyevu, masikio yakaachia, tela likalala. Nami kila mwaka nilimchapia jingine. Kwa miaka hiyo nilikuwa nimekuwa fundi hasa. Printa ilikuwa mpya, rangi hazikunisumbua tena, niliweza kutengeneza vioo vya pembeni vya ukubwa wa punje ya ulezi. Mwaka mmoja nilimpelekea lenye vioo. Alilitazama kwa jua la mlangoni.

“Kwani vioo alikuwa navyo?”

“Alikuwa navyo, mama. Kila lori lina vioo.”

“Kwenye la kwanza havikuwepo.”

Niliving'oa palepale kwa ukucha. Tangu hapo nilimtengenezea kama nilivyotengeneza nikiwa sijaijua kazi, na mstari mweupe katikati ya tela niliuacha uonekane kidogo.

Lori lenyewe liliendelea kupita, likiendeshwa na yule wa Morogoro. Mwanzoni nilijificha. Nikiliona nilirudi ndani nikajifanya natafuta karatasi. Lakini yeye alikuwa akiegesha na kuja dukani kunisalimu, na kila mara aliniambia kwamba amepita pale mbele ya Kolwezi, amesimama, ameuliza. Hakuna jipya, alisema. Alisema vilevile kila safari, na kila safari alisimama. Sikumwomba afanye hivyo. Polepole nikaanza kumpelekea chakula.

Kisha likaja jeupe. Tajiri alikuwa amenunua malori mengine, akataka yote yawe ya rangi moja. Lilinipita mbele ya macho yangu na sikulijua. Ni yule dereva wa Morogoro, ambaye sasa nilimwita mzee, aliyenishika bega akanionyesha. Mlango ulikuwa mweupe, bodi nyeupe, mstari haupo, madigadi mpya pande zote. Nilizunguka lori zima nikitafuta mahali ambapo fundi hakufikisha rangi. Chini ya ngazi ya dereva, ndani ya kona, nilikuta buluu pana kama kiganja. Nilikaa pale chini nikaitazama. Ilikuwa buluu ya kipande cha tisa. Mzee alinisubiri, akawaambia wa nyuma wapite.

Siku ileile, tukila, ndipo aliponiomba. Alisema amekuwa akiona magari na ndege ninazowachapia mawakala na watoto wao. Ana mabinti wawili Morogoro. Wanamwuliza baba anaendesha gari gani, na yeye hana picha.

“Ukiona ni vigumu, usijibu,” akasema. “Mimi sitauliza mara ya pili.”

Sikujibu. Akavuka, akarudi, akavuka tena, na kweli hakuuliza. Ilikuwa inaniuma na sikujua kwa nini. Nilikuwa nimeshawachapia watu magari ya kila aina. Nilimbadilishia daktari mmoja gari la zimamoto likawa la wagonjwa. Nilimchorea mtu twiga kwenye mkia wa ndege ya Ulaya. Lakini kufungua mchoro wa kaka na kuufuta ule mlango, kwangu ilikuwa kama kuwaita wale wazee wa matanga.

Nilimweleza mama nilipokwenda kumsaidia kuvuna. Nilitegemea anikataze, na nadhani nilitaka anikataze. Alikuwa amebeba mahindi mgongoni, akayatua.

“Huyo ndiye anayesimama kule kumwulizia?”

“Ndiye.”

“Na wanawe wanamsubiri.”

“Wanamsubiri, mama.”

“Basi watengenezee,” akasema, akayapandisha mahindi tena mgongoni, tukaendelea.

Nilinakili mchoro, nikaupa jina jingine, ili ule wa kwanza nisiuguse. Nyeupe si rangi ya kuchapa. Ni karatasi yenyewe. Nilichofanya ilikuwa kufuta tu, buluu yote, mstari wote, mlango, mpaka ikabaki mistari ya kukunjia na taa na magurudumu. Printa haikutumia wino wa maana. Nilimchapia mawili, kila binti na lake, nikaweka vioo. Kisha, bila kumwambia mtu, kwenye yote mawili nilichora chini ya ngazi ya dereva, ndani ya kona, alama ndogo ya buluu. Ukilishika lori hivihivi huioni, mpaka uligeuze.

Mzee aliiona mara moja. Aligeuza la kwanza, akageuza na la pili, akayafunga kwenye gazeti, akanipa mkono akaushika muda mrefu.

Mama amezeeka sasa, shamba analima kidogo karibu na nyumba. Lori liko kabatini, la mwaka huu. Mimi nilihamia Vwawa nikafungua duka langu, na watu wa mpakani wanaonifuata huku ni wachache. Nikipita Tunduma bado natembea kwenye foleni ya malori yanayorudi, natazama milango, ingawa najua milango hainiambii kitu tena. Watu wananiuliza kama natafuta mtu. Nawajibu ndiyo.

Yule mzee alistaafu. Siku hiyo alinipigia simu kutoka kwake Morogoro, akanisalimu, akamwulizia mama. Akaniambia lori amelikabidhi kwa dereva mwingine, kijana, na kwamba kabla ya kumkabidhi alikwenda naye safari moja mpaka kule, akamwonyesha mahali pa kuegesha, na nyumba za kuuliza, na namna ya kulitamka jina la kaka ili watu wa kule walisikie vizuri. Nilimshukuru. Kijana huyo sijakutana naye bado.